Kupunguza wanga, kupunguza mafuta, au dona na maharage: mlo upi unafaa kwa kupunguza uzito?

Mtu mzima anayeamua kupunguza uzito, awe Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura, hakosi washauri. Wa kwanza atamwambia aache kabisa ugali, wali na chapati, ale nyama, mayai na parachichi mpaka ashibe. Wa pili atamwambia adui ni mafuta, kwa hiyo achemshe badala ya kukaanga, aondoe ngozi ya kuku na asahau chipsi. Wa tatu, ambaye mara nyingi ni mzee wa nyumbani, atasema kwamba zamani watu walikula dona, kunde na mboga za majani na vitambi havikuwapo. Kila mmoja ana mfano wa mtu aliyepungua, na huenda wote watatu wanasema kweli kuhusu mtu huyo. Hapa milo hiyo mitatu inalinganishwa kwa vigezo vilevile: uzito uliopungua baada ya mwaka mzima, wala si baada ya wiki tatu za mwanzo, njaa anayoisikia mlaji, gharama ya jikoni, na watu ambao kila mlo unaweza kuwadhuru.

Niseme mapema ninakoelekea, ili msomaji azipime hoja akijua. Mgawanyo wa wanga na mafuta peke yake huamua kidogo sana uzito wa mtu baada ya mwaka. Hiyo haina maana kwamba mlo wowote ni sawa na mwingine, kwa kuwa zipo sehemu nyingine za mlo, yaani protini, nyuzinyuzi, vinywaji vitamu na kiwango cha usindikaji wa viwandani, ambazo ndizo zinazoamua mtu atakula kiasi gani kabla ya kujiona ameshiba.

Hesabu ya nishati

Gramu moja ya wanga au ya protini humpa mlaji takriban kilokalori 4, gramu ya mafuta kilokalori 9, na gramu ya pombe kilokalori 7. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia, yawe ya alizeti, ya mawese au ya zeituni, kina kilokalori zipatazo 120, kiasi ambacho kingepatikana katika gramu 33 hivi za unga mkavu wa mahindi. Hapo ndipo wanaopinga mafuta wanapopata nguvu. Wanaopinga wanga nao wana hoja, kwamba wanga uliokobolewa humeng'enywa upesi, hupandisha sukari ya damu na insulini, homoni inayoiingiza sukari hiyo katika seli, na humwacha mlaji na njaa mapema. Kinachosahauliwa na pande zote mbili ni protini, ambayo hushibisha kuliko vingine viwili, na ambayo mwili hutumia asilimia 20 hadi 30 ya nishati yake katika kuimeng'enya na kuichakata, ilhali kwa wanga gharama hiyo ni asilimia 5 hadi 10 na kwa mafuta haizidi asilimia 3.

Sahani tatu za mchana

Nadharia hizi huonekana vizuri zaidi zikipakuliwa. Tuchukue chakula cha mchana cha mtu anayekaa ofisini au dukani kutwa, na tukihesabu kwa viwango vya kawaida vya majedwali ya virutubishi, tukikubali kwamba haya ni makadirio, kwa sababu hakuna mama ntilie anayepima kwa gramu.

Sahani ya kwanza ni ile iliyozoeleka kibandani. Kuna ugali wa sembe uliosongwa kwa gramu 200 za unga, vipande vitatu vya nyama ya ng'ombe ambavyo vikiiva vinafika gramu 60, majani kidogo pembeni, na mchuzi ambao pamoja na mboga umebeba vijiko vikubwa viwili vya mafuta. Juu yake kuna soda ya mililita 350. Unga peke yake una kilokalori 720, mafuta 240, nyama 150, soda 150, na majani hayafiki 20. Jumla ni kama kilokalori 1,280, protini gramu 30 hivi, na nyuzinyuzi zisizofika gramu 10.

Sahani ya pili ina ugali wa dona wa gramu 100 za unga, kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva, kipande cha samaki cha gramu 100, na mchicha wa kutosha, ambao ukiiva unafika gramu 150, vyote vikiwa vimepikwa kwa kijiko kimoja na nusu cha mafuta. Kinywaji ni maji. Dona ina kilokalori 360, maharage 215, samaki 120, mafuta 180 na mchicha 35, hivyo jumla ni kama 910. Protini zinapita gramu 50 na nyuzinyuzi zinafika 20.

Sahani ya tatu ni ya mtu aliyeacha wanga: kuku wa kuchoma pamoja na ngozi yake, gramu 200, nusu ya parachichi kubwa, na mchicha uleule wa gramu 150 uliokaangwa kwa vijiko viwili vya mafuta. Kuku ana kilokalori 480, parachichi 160, mafuta 240 na mchicha 35, jumla 915. Protini ni gramu 60, nyuzinyuzi 10 hivi.

Sahani ya pili na ya tatu zinalingana kwa nishati, ingawa ya pili ina zaidi ya gramu 100 za wanga na ya tatu haifiki 20. Anayehama kutoka sahani ya kwanza kwenda yoyote kati ya hizo mbili anapunguza kilokalori zaidi ya 360 kwa mlo mmoja, na akifanya hivyo kila siku atapungua. Atasema, tena kwa haki, kwamba mlo wake mpya umemfaa, ila atakosea akidhani kwamba kilichomsaidia ni kuukimbia wanga, au kwamba dona ina nguvu ya pekee. Vitu viwili vimeondoka katika sahani zote mbili, soda na nusu ya kwanza ya ugali, na nafasi yake imechukuliwa na protini na mboga.

Kupunguza wanga

Mlo huu una sifa moja ambayo mingine haina: wiki ya kwanza inafurahisha. Mwili huhifadhi wanga katika misuli na ini kama glaikojeni, kwa kawaida nusu kilo hivi kwa mtu mzima, na kila gramu ya glaikojeni hushikwa pamoja na gramu 3 hivi za maji. Wanga ukikatwa, akiba hiyo huisha na maji yake hutoka, na mizani huonyesha kilo moja na nusu au mbili pungufu kabla hata mafuta ya mwili hayajaguswa sana. Maji hayo hurudi siku mtu anaporudia wali. Ushuhuda mwingi wa wiki ya kwanza unaosambaa kwenye simu ni ushuhuda wa maji.

Baada ya wiki ya kwanza mlo wenyewe hufanya kazi kwa njia ya kawaida zaidi. Protini huongezeka, vyakula vinavyoliwa bila kikomo kama mkate, mandazi, chipsi na biskuti hutoweka kwa pamoja, na hamu ya kula hupungua. Majaribio ya kisayansi yalianza kwa kuupa heshima yake. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani walitoa matokeo ya wanawake 311 waliogawanywa kwa kura katika milo minne, na waliopewa mlo wa Atkins, wenye wanga kidogo kuliko yote, walikuwa wamepungua kilo 4.7 kwa wastani baada ya mwaka, wakati makundi mengine yalipungua kati ya kilo 1.6 na 2.6. Mwaka uliofuata, jaribio la miaka miwili lililofanyika katika mji wa Dimona, Israel, kwa watu 322, wengi wao wanaume, lilionyesha kilo 4.7 kwa wanga mdogo, kilo 4.4 kwa mlo wa Mediterania wa mafuta ya zeituni, samaki na mboga, na kilo 2.9 kwa mafuta machache. Mtu akisimama hapo, kesi imekwisha.

Haikuishia hapo. Mwaka 2009 ulitoka utafiti mkubwa zaidi, wa watu wazima 811 waliokuwa na uzito uliozidi, waliopangwa katika milo minne ambayo wanga wake ulianzia asilimia 35 hadi 65 ya nishati yote. Baada ya miaka miwili makundi yote yalikuwa yamepungua kilo 4 hivi, bila tofauti ya maana kati yao. Kisha mwaka 2018 Christopher Gardner wa Stanford, yuleyule aliyeongoza utafiti wa 2007, alirudi na watu 609 na swali lililoulizwa vizuri zaidi. Safari hii makundi yote mawili, la wanga mdogo na la mafuta machache, yalielekezwa kula mboga nyingi na vyakula visivyosindikwa sana, na kuepuka sukari na unga uliokobolewa. Baada ya miezi 12 la kwanza lilikuwa limepungua kilo 6.0 na la pili kilo 5.3, tofauti ambayo kitakwimu haiwezi kutenganishwa na bahati. Watafiti walitazama pia kama vinasaba, au kiasi cha insulini ambacho mwili wa mtu hutoa, vingeweza kutabiri nani atafaidika na mlo upi, wakakuta havitabiri. Jambo linalopaswa kumgusa zaidi mtu anayechagua ni jingine: ndani ya kila kundi walikuwapo waliopungua kilo zinazokaribia 30 na walioongezeka kilo 10 hivi. Tofauti kati ya mtu na mtu ndani ya mlo mmoja ilikuwa kubwa mno kuliko tofauti kati ya mlo na mlo.

Hasara za mlo huu zinajulikana. Nyuzinyuzi hushuka kama mboga hazikuongezwa, na choo huwa kigumu. Kwa baadhi ya watu kolesteroli mbaya hupanda, hasa pale wanga unapobadilishwa kwa nyama ya mafuta, siagi na mafuta mazito ya kukaangia badala ya samaki, karanga na mafuta ya mimea yaliyo laini. Na kuna hatari ya dawa, ambayo nitairudia chini kwa kuwa ndiyo inayoweza kumfikisha mtu hospitalini.

Kupunguza mafuta

Mlo wa mafuta machache ulitawala ushauri wa afya wa nchi za Magharibi kwa miaka mingi, kisha ukadharauliwa, na nadhani dharau hiyo imepita kiasi. Ni kweli kwamba matokeo yake makubwa kabisa si ya kujivunia. Katika utafiti wa Marekani uliowahusisha wanawake 48,835 waliokwisha kukoma hedhi, waliopunguza mafuta walipungua kilo 2.2 katika mwaka wa kwanza, lakini baada ya miaka 7.5 hivi tofauti kati yao na wenzao wasiobadilisha mlo ilikuwa kilo 0.4 tu. Hata hivyo hawakuongezeka uzito kwa kula wanga zaidi, kama ingetabiri nadharia ya insulini, inayosema kwamba wanga hunenepesha kwa kupandisha homoni hiyo.

Nadharia hiyo ilipata mtihani mkali zaidi katika wodi ya utafiti ya Taasisi za Taifa za Afya mjini Bethesda, Marekani, ambako Kevin Hall na wenzake waliwalaza watu 20 kwa wiki nne. Kila mtu alikula wiki mbili mlo wa mimea wenye mafuta asilimia 10 na wanga asilimia 75, na wiki mbili nyingine mlo wa vyakula vya wanyama uliogeuza hesabu hiyo, mafuta asilimia 75 na wanga asilimia 10. Waliruhusiwa kula mpaka washibe. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba kwenye mlo wa wanga mwingi walikula pungufu kwa kilokalori 550 hadi 700 kwa siku, bila kusema wana njaa zaidi, ingawa sukari na insulini zao zilipanda zaidi baada ya chakula. Wiki mbili ni muda mfupi na watu 20 ni wachache, kwa hiyo jaribio hili halimwambii mtu atakuwaje baada ya mwaka. Linachokifanya ni kuondoa hofu kwamba wanga wenyewe, kwa asili yake, humlazimisha mtu anenepe.

Katika jiko la Afrika Mashariki kupunguza mafuta kuna faida moja ya wazi: mafuta ndiyo kitu kinachopimwa kwa uzembe kuliko vyote. Humiminwa kutoka dumuni bila kijiko, huingia kwenye mchuzi unaoelea, kwenye chapati inayopakwa kila inapogeuzwa, kwenye mandazi, kwenye mboga ambazo zingeiva kwa robo ya kiasi hicho. Tui zito la nazi nalo lina kilokalori 200 na zaidi kwa kila mililita 100, jambo ambalo watu wa pwani hatupendi kukumbushwa. Familia ya watu watano inayotumia lita moja ya mafuta kwa siku nne inampa kila mtu zaidi ya kilokalori 400 kwa siku kutoka dumuni pekee. Kosa la mlo huu hutokea pale mtu anapotoa mafuta na kuweka mkate mweupe, juisi ya boksi na biskuti zilizoandikwa kwamba hazina mafuta. Huyo amebadilisha chanzo cha nishati tu, na amepoteza ladha bure.

Dona, kunde na mboga

Huu ndio mlo ambao hauna mfanyabiashara wa kuutetea mtandaoni, na ndio ninaoupa nafasi ya kwanza kwa watu wengi, ingawa si kwa sababu inayotolewa mara nyingi. Asili peke yake haipunguzi uzito. Unga wa dona una nishati karibu sawa na wa sembe, na ugali wa dona uliosongwa kwa gramu 200 utamnenepesha mtu vilevile. Tofauti iko katika pumba na kiini ambavyo kinu cha sembe huviondoa pamoja na nyuzinyuzi zilizomo, na hata hiyo, ikitazamwa peke yake, ina athari ndogo kwa uzito. Nguvu ya mlo huu iko katika sahani nzima: kunde, mbaazi, choroko na maharage huleta protini na nyuzinyuzi kwa pamoja, mboga za majani hujaza tumbo kwa nishati kidogo, na karibu hakuna kitu kinachoweza kuliwa haraka haraka kwa mkono mmoja huku mwingine ukiwa kwenye simu.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi na gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Wazo la kuzipa nyuzinyuzi uzito huo lina mizizi katika ukanda wetu. Hugh Trowell na Denis Burkitt, madaktari kutoka Uingereza na Ireland waliofanya kazi Uganda, mmoja tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili na mwingine baada yake, waliona kwamba maradhi yaliyojaa katika hospitali za Uingereza, kuanzia unene hadi kisukari cha ukubwani, yalikuwa machache mno kwa wagonjwa wa vijijini waliokula matoke, viazi, kunde na nafaka zisizokobolewa, na wakaanza kuuliza ni nini kilichokuwa kimeondolewa katika chakula cha Ulaya. Si kila walichodai kilithibitishwa, lakini swali lao limedumu.

Ushahidi wenye nguvu zaidi kwa upande huu, kwa maoni yangu, ulitoka tena katika wodi ya Bethesda, mwaka 2019. Watu 20 walikula wiki mbili vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi, na wiki mbili vyakula vilivyopikwa kutoka malighafi ya kawaida, huku milo yote miwili iliyowekwa mezani ikilinganishwa kwa wanga, sukari, mafuta, protini na nyuzinyuzi. Kwenye mlo wa viwandani walikula kilokalori 500 zaidi kwa siku na wakaongezeka kilo 0.9, kwenye mwingine walipungua kilo 0.9. Hapo mgawanyo wa wanga na mafuta ulikuwa umeondolewa kwenye mzozo kabisa, na bado uzito ulisogea. Walikula kwa kasi zaidi vyakula laini, vyenye nishati nyingi katika tonge dogo, na shibe ikachelewa kufika.

Wapo watakaosema kwamba watu wa zamani walikuwa wembamba kwa sababu ya jembe na mwendo, wala si kwa sababu ya chakula. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, Tanzania, wanatoa jibu ambalo halikutarajiwa. Herman Pontzer na wenzake walipopima nishati inayotumiwa na watu wazima wa jamii hiyo, ambao hutembea kilomita nyingi kila siku wakiwinda na kuchimba mizizi, walikuta mwaka 2012 kwamba, ukizingatia ukubwa wa mwili, haizidi ile ya watu wa Ulaya na Marekani wanaoshinda wamekaa. Wahadzabe hula mizizi, matunda ya porini, ubuyu, nyama, na asali nyingi, na unene kwao ni nadra. Mazoezi yana faida zisizohesabika kwa moyo, misuli na sukari ya damu, ila anayetarajia kwamba matembezi ya jioni yatafuta sahani ya kwanza niliyoieleza hapo juu anajidanganya.

Udhaifu wa mlo huu ni wa kiutendaji. Maharage makavu yanataka kulowekwa usiku kucha na kuchemshwa kwa muda mrefu, na gharama ya gesi au mkaa ni halisi. Tumbo huhitaji wiki mbili au tatu kuzoea kunde bila kujaa gesi. Na ugali, uwe wa rangi yoyote, una tabia ya kukua sahanini pale mboga inapokuwa nzuri.

Kufunga na kula kwa saa maalumu

Njia hii haigusi kilichomo sahanini, kwa hiyo sitaikalia sana. Jaribio la Guangzhou, China, lililochapishwa mwaka 2022, liliwagawa watu 139 wenye unene, nusu wale kati ya saa 2 asubuhi na saa 10 jioni, nusu wale wakati wowote, wote wakiwa na kikomo kilekile cha kilokalori. Baada ya mwaka kundi la kwanza lilipungua kilo 8.0 na la pili kilo 6.3, na tofauti hiyo haikuwa ya kutegemewa kitakwimu. Kwa wanaoona kufunga dirisha la kula ni rahisi kuliko kuhesabu, ni chombo kizuri. Wanaofunga Ramadhani wanajua upande wake wa pili, kwamba futari ya tambi, viazi vya nazi, kaimati na uji wa sukari inaweza kurudisha jioni kila kilichoachwa mchana.

Gharama na sinia

Kilo moja ya maharage makavu ina protini karibu sawa na kilo moja ya nyama mbichi ya ng'ombe, kwa sehemu ndogo ya bei yake, na zaidi ya nusu ya uzito wa dagaa wakavu ni protini. Mtu anayeacha wanga kabisa hana budi kuzinunua karibu kalori zake zote kutoka kwa nyama, mayai, parachichi na karanga, na katika nyumba ya watu sita bajeti hiyo mara nyingi haifiki mwisho wa mwezi. Kuna pia suala la sinia. Anayekula peke yake kuku na mboga huku wenzake wakila wali atapikiwa kando wiki ya kwanza, kisha mpishi atachoka. Mlo wa sahani ya pili unapikwa sufuria moja kwa watu wote, na anayepunguza uzito hubadilisha vipimo tu. Mwaka 2020 uchambuzi uliounganisha majaribio 121 ya milo yenye majina, yenye washiriki 21,942, ulionyesha kwamba milo mingi hupunguza uzito kwa kiasi kinachokaribiana katika miezi sita, na kwamba baada ya mwaka sehemu kubwa ya faida hiyo huwa imefifia. Kwa sababu hiyo naipa gharama na sinia nafasi kubwa kuliko gramu za wanga, maana ndivyo vinavyoamua nani bado anaufuata mlo wake mwezi wa kumi.

Nani achague nini

Mtu mzima asiye na ugonjwa, anayekula na familia na mwenye kipato cha kawaida, aanze na sahani ya pili, apime mafuta kwa kijiko, na aondoe soda, juisi na sukari ya chai kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Anayekunywa bia ahesabu pia: chupa ya nusu lita ina kilokalori 200 hivi, na nyama choma inayoisindikiza haijahesabiwa.

Mwenye kisukari cha aina ya pili ana sababu halali ya kuutazama mlo wa wanga kidogo, kwa kuwa sukari yake hushuka mapema na dawa zinaweza kupunguzwa. Asiuanze peke yake. Anayetumia insulini, au vidonge kama glibenklamidi, akikata wanga bila dozi kurekebishwa anaweza kushukiwa na sukari mpaka kuzimia, na anayetumia dawa za kundi la empagliflozini anaweza kupata tindikali ya ketoni katika damu, yaani asidi hatari inayotokana na mwili kuchoma mafuta, hata sukari ikiwa haijapanda sana. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini, na asibadilishe kunde na mboga zake, kabla ya kuzungumza na daktari wake. Wajawazito na wanaonyonyesha wasifuate mlo wowote wa kupunguza uzito kwa ushauri wa mtandaoni.

Ambaye ugali au wali ukiwa mezani hawezi kuacha kula, na anajijua, huenda akapata nafuu kwa kuuondoa kabisa kwa miezi michache kuliko kupigana na nusu sahani kila siku. Na ambaye hapendi nyama, au ana kolesteroli ya juu, upande wa mafuta machache na kunde nyingi utamfaa zaidi.

Mlo wowote mtu atakaouchagua, aupe wiki 12. Ajipime mara moja kwa wiki, asubuhi, baada ya kwenda chooni na kabla ya kunywa chai, na apime pia kiuno kwa utepe, kwa kuwa kiuno kinachozidi sentimita 88 kwa mwanamke au 102 kwa mwanamume kinaashiria hatari kubwa hata kama mizani haishtui. Asihesabu wiki ya kwanza. Kati ya wiki ya pili na ya 12, kushuka kwa robo hadi nusu kilo kwa wiki kunatosha. Kama hakuna kilichosogea, kabla ya kubadilisha mlo apime kwa siku tatu mafuta yanayotoka dumuni na vinywaji vyote visivyo maji, kwa sababu mara nyingi kilokalori zilizopotea hesabuni huwa huko.